Kitufe cha Pili

Jumatano, 3 Agosti 1994

Mazoezi tena baada ya chai. Nabonyeza kitufe chekundu, taa inawaka, navaa hedifoni, nasema moja mbili tatu huku nikizungusha kidude cha sauti. Kwenye kioo vijiti vinapanda na kushuka. Visifike sifuri, ambayo hapa ndiyo kilele. Sababu naielewa. Kaseti ya kawaida ukiizidishia sauti inakwaruza kidogo, inakusamehe. Kinasa sauti hiki kinaandika sauti kwa tarakimu, na tarakimu zikifika mwisho zimefika. Kinachozidi kinakatwa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, hilo halinipi taabu.

Mkanda ni mmoja tu, unaenea kiganjani. Sitaki kuuchezea, kwa hiyo mazoezi yangu ni ya kupima sauti tu.

Mashine ni ya chuo anakofundisha Selemani, mwanafunzi wangu wa zamani. Inarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Siku hiyohiyo dada yangu Mwanaidi analazwa. Daktari hakumficha: uvimbe uko kooni, na ukitolewa, sauti inaondoka nao.

Alhamisi, 4 Agosti

Dada amekubali nimrekodi akiimba. Sharti lake ni moja: asisikie mwanamume.

Yeye ni kungwi. Wasichana wa Mbagala yote hii, hadi Kimbiji, amewacheza yeye. Kuna nyimbo za unyago ambazo siku hizi anazijua peke yake, wenzake wamekufa. Wasichana wa sasa wanachezwa siku mbili wakati wa likizo, tena kwa redio. Hajapata wa kumwachia.

Ndiyo maana narekodi mimi na si Selemani. Aliposema atakaa uani na kuziba masikio, dada alicheka. "Mwambie akazibie kwao."

Jumamosi, 6 Agosti

Nyumbani kwa dada. Wanaume wote walitolewa. Bi Kibibi, anayempigia ngoma tangu zamani, akaonyesha jogoo: "Na huyu atoke, naye dume."

Nyimbo kumi na nne. Maneno yake siyaandiki hapa. Dada alianza na sauti ya kukwama, ikafunguka kwenye wimbo wa tatu. Nina miaka sitini na mitatu na sijawahi kumsikia akiimba vile. Aliimba kama mtu anayehama nyumba na hataki kuacha hata kijiko.

Vigelegele vilinitia hofu. Kila vilipopigwa vijiti vilikimbilia sifuri, nami nikapunguza haraka. Macho yangu hayakutoka hapo. Nikawaeleza wanawake kwa nini wasogee nyuma. Bi Kibibi: "Mwalimu, hapa siyo darasani. Tuache tuimbe."

Kwenye kasha la mkanda nimeandika: nyimbo kumi na nne.

Jumapili, 7 Agosti

Hakuna kitu.

Nimerudisha mkanda mwanzo. Ulikuwa mwanzo tayari. Nimesikiliza dakika kumi. Kimya. Nimebadilisha betri. Kimya.

Sijala.

Jumatatu, 8 Agosti

Selemani alikuja mchana. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza. Aliuliza jambo moja. "Mwalimu, namba zilikuwa zinatembea?"

Sikuziangalia namba zile zinazohesabu mwendo wa mkanda.

Nimeelewa sasa, na naandika ili nisijidanganye. Kitufe chekundu peke yake hakirekodi. Kinaiweka mashine tayari tu. Taa inawaka, vijiti vinacheza, hata hedifoni zinakupa sauti, lakini mkanda umesimama. Lazima ubonyeze cha pili ndipo mkanda uanze kwenda. Kwenye redio kaseti yangu vile viwili hushuka pamoja, ukibonyeza chekundu na mwenzake anakwenda. Mkono wangu ulijua hivyo.

Lakini si mkono peke yake. Selemani alinieleza siku ile alipoleta mashine. Nakumbuka alifungua kinywa na kusema "halafu Mwalimu, kitufe cha pili", nami nikamkatiza kumweleza tarakimu ni nini. Nilikuwa namfundisha mtu kazi yake.

Hakunikumbusha. Aliangalia viatu vyake. Ningependelea anikumbushe.

Jumanne, 9 Agosti

Nimekwenda kwa dada. Sikumwambia. Mwoga.

Sauti imemwisha tangu Jumamosi, amebaki na mnong'ono. Hata kumeza uji anakunja uso. Akaniambia haogopi tena kulazwa, kwa sababu nyimbo zimeshahifadhiwa. Amewaambia hivyo na majirani. Nikamshika mkono nikasema ndiyo.

Nimesema ndiyo.

Jumatano, 10 Agosti

Nimemwambia. Nilianza kueleza vitufe, akainua kidole ninyamaze. Akauliza kwa mnong'ono, "Hata mmoja?"

Hata mmoja.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa mama yangu. Vyeti vyote vile." Kisha akageukia ukutani. Nikaona mabega yanatikisika. Sikumgusa, nilijua mimi ndiye sababu.

Alipogeuka alikuwa amekwishaamua. "Kesho njoo na hilo dude lako. Utaimba wewe."

Nilisema sijui. Nilichezwa mwaka mmoja, nikaenda shule ya bweni, nimesahau yote. Na sauti yangu ni ya kuita mahudhurio.

"Ndiyo hiyohiyo," alisema.

Alhamisi, 11 Agosti

Tulikuwa mimi, dada na Bi Kibibi. Vitufe vyote viwili. Namba zinatembea. Nimeziangalia mpaka Bi Kibibi akaniuliza kama zina deni langu.

Dada ananong'ona mstari, mimi naimba. Nikikosea ananipiga kofi gotini. Nimekosea sana. Kuna mahali sauti inapaswa kushuka kabla ya neno kuisha na mimi naimaliza kwanza, kama mtu anayesoma imla. Alinirudisha mara sita. Alinifafanulia na maana, kila neno, mambo ambayo Jumamosi asingeyasema kwa kuwa waliokuwepo wanayajua.

Nyimbo tisa kati ya kumi na nne. Ya kumi hakuweza, alitikisa kichwa na kushika koo. Tukaacha.

Goti linauma. Nimefurahi na nina huzuni, vyote kwa pamoja.

Ijumaa, 12 Agosti

Ameingia hospitali saa nne. Mashine nimerudisha. Mkanda ninao.

Jumapili, 11 Septemba

Amerudi nyumbani wiki iliyopita. Shingo ina bandeji, anapumua kwa tundu la kooni. Anaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa za shule ya watu wazima.

Selemani ametuazima mashine kwa saa mbili na kwenda zake sokoni bila kuambiwa. Nikamvika dada hedifoni. Alisikiliza mkanda wote, macho yamefumbwa, mnong'ono wake wa mwisho na makelele yangu.

Akavua, akachukua kalamu. WA TANO UMEKOSEA.

Nikauimba hapohapo, mashine imezimwa. Alinisimamisha kwa kofi la gotini. Nikaanza tena, akanisimamisha. Mara nne. Mara ya tano aliuacha mkono mapajani mwake, nikafika mwisho.