Treni ya Baba Imekwama

Dada yangu, taa ya ukoo wetu,

Huku tu wazima, na mimi mdogo wako ndiye fundi pekee mtaani anayefufua mashine za gemu. Hata wenye vyeti ukutani huja kunipigia hodi.

Mashine ya Baba iliungua. Nikabadilisha diski, ikawaka kama mpya. Tatizo ni ule mchezo wake wa kuendesha treni, kazi yake ya zamani, na ndio pekee anaoumudu kwa mkono mmoja tangu apooze. Tuliupakua kutoka duka la mtandaoni, ukapotea na diski iliyoungua, na sasa kampuni imelifunga duka lenyewe, eti mashine zimezeeka. Nikawaandikia kwamba tulishalipa, tena dereva mwenyewe naye kazeeka! Wakajibu, "Asante kwa kuwa mteja wetu."

Chochote chenye skrubu hakinishindi, dada, lakini duka hili halina skrubu.

Baba anashinda na pedi ya kuchezea gemu mapajani, macho kwenye skrini tupu. Nimemdanganya kuwa nasubiri kipuri. Ukipiga simu, nawe sema hivyo hivyo. Jana nilimsikia akimtambia jirani, "Wewe ngoja tu. Mwanangu huyu hajawahi kushindwa."

Nduguyo,
fundi wa mafundi