Onyo Nililolilainisha

Binti yangu mpendwa Felista,

Uniwie radhi kwa kukuandikia barua ambayo na wengine wataisoma. Niliianza kama barua ya mzazi na mwanawe, kisha nikaona haifai. Kosa ninalotaka kulikiri ulilibeba wewe mbele ya watu, na si haki mimi kulikiri chumbani. Nakala moja nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa chama cha wakulima, kule Mtawanya. Nyingine ni hii yako.

Ulirudi nyumbani Chuno kutoka Dodoma kumzika mama yako, ukasema utakaa siku arobaini, ukakaa misimu miwili ya korosho. Meza ya kulia ukaigeuza ofisi. Mimi nilihamia kula barazani, na ninakiri sasa kwamba sikuwa nimekula kwa furaha kama ile tangu tumpoteze mama yako, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu anayegonga vitufe na kunung'unika peke yake. Ulikuwa unakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini vya kuchemsha kwa chumvi, hapo hapo juu ya kompyuta. Nilikukanya kuhusu chumvi, ukaniambia, "Baba, hii mashine imezoea. Ni ya Mtwara."

Nilikuuliza unatengeneza nini, ukanijibu kwamba ni maktaba ya kusoma JSON kwa lugha ya Go. Nikauliza vitabu vitatoka wapi. Ulicheka hadi ukashika mbavu, kisha ukaniomba samahani, ukavuta kiti, ukanieleza kama mimi nilivyowaeleza watoto wa darasa la tatu. Ukasema mashine nazo huandikiana barua: jina la jambo upande huu, habari yake upande ule, yote ndani ya mabano. JSON ni mtindo wa kuandika barua hizo. Go ni lugha ambayo mafundi huziamrishia mashine. Na maktaba yako ilikuwa msomaji wa kukodi, ambaye fundi yeyote angeweza kumchukua bure akamsomee barua zake upesi.

"Wengine hawasomi upesi?" nikakuuliza.

"Wanasoma, lakini kila neno wanalinakili kwenye karatasi mpya. Wangu hanakili. Ananyoosha kidole tu, kama mwalimu mbele ya ubao: jina la mkulima liko hapa, uzito uko pale. Kazi kwisha."

"Na ubao ukifutwa, ukaandikwa mambo mengine?"

"Mzee una akili wewe," ukasema. "Hapo ndipo penye hatari. Kidole kitabaki pale pale, kikionyesha maneno ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayetaka kulitunza neno lazima alinakili yeye mwenyewe, kabla barua ya pili haijafika."

Nililielewa jambo hilo, Felista. Naomba wasomaji wote wajue kwamba nililielewa.

Miezi ile ulipima na kupima tena. Ulikuwa unahesabu visehemu vya sekunde ambavyo mimi sikuwahi kuvifundisha. Siku umeme ulipokatika ulikwenda kukaa kwa jirani mwenye sola, ukarudi umechoka lakini macho yanang'aa, ukasema, "Nimempita yule wa kwanza." Sikujua yule wa kwanza ni nani. Nilikupikia chai.

Ndipo ukaniomba nikusaidie maelekezo ya Kiswahili. Ya Kiingereza ulikwisha kuyaandika, lakini ulitaka mafundi wa huku kwetu wasome kwa lugha yao. Ulisema, "Baba, Kiswahili changu ni cha mtaani. Chako ni cha misheni." Niliona fahari kubwa. Nilikaa nayo wiki nzima, na kalamu nyekundu mkononi.

Sentensi yako ya kwanza kabisa ilikuwa hii: "USITUNZE neno ulilopewa na maktaba hii. Linakili kwanza. Ukipuuza, utapata neno la mtu mwingine."

Mimi nililelewa na watu waliotufundisha kwamba amri hutolewa kwa askari na kwa punda. Mgeni huombwa. Nikakuambia, "Huwezi kumfokea mtu mlangoni, hata salamu hajapewa."

"Sio kumfokea, Baba. Ni kumzuia asitumbukie shimoni."

"Ipo namna ya kusema."

Ulikuwa umechoka. "Haya Baba. Wewe ndiye mwalimu."

Nikaliondoa onyo lako juu, nikalipeleka chini kabisa baada ya shukrani, nikaliandika hivi: "Mtumiaji mheshimiwa anashauriwa, pale inapobidi na iwapo nafasi itaruhusu, kuona umuhimu wa kunakili neno alilolipokea." Nililisoma kwa sauti nikaridhika. Lilikuwa na mwendo mzuri. Nawe uliliweka kama nilivyolileta, bila kubadilisha hata nukta, kwa sababu nilikulea hivyo.

Yaliyofuata wanachama wanayajua, ila hawajui yalianzia wapi. Bwana Salumu, fundi wa chama, aliichukua maktaba yako ili mizani ya ghalani itume jina na uzito, na stakabadhi itoke pale pale. Siku za mwanzo watu walikuwa wachache na kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya foleni ndefu, barua ya mkulima wa pili iliifikia mashine kabla stakabadhi ya wa kwanza haijachapwa, na magunia ya kila mtu yakaandikwa jina la aliyemfuata.

Bi Somoe, mjane wa watu, akasikia magunia yake yakitangazwa kuwa ya Mzee Issa aliyekuwa nyuma yake. Akapiga kelele. Na watu wa kwetu, Mungu atusamehe, hawakungoja maelezo.

"Kumbe ndiyo maana unawahi safu ya mbele msikitini, Mzee Issa? Unakwenda kutubia magunia ya watu?"

"Magunia yana miguu siku hizi. Yanamfuata anayeyapenda."

Yule mzee alisimama na kofia yake mkononi. Jioni karani alileta daftari la mkono, kila gunia likarudi kwa mwenyewe. Lakini heshima haina daftari la kuirudishia.

Mkutano ukaitishwa. Wewe ulisimama mbele, mimi nilikaa safu ya pili na kofia yangu juu ya magoti. Bwana Salumu aliinua maelekezo aliyoyachapa akasema, "Jamani, mimi nilisoma mpaka mwisho. Imeandikwa 'iwapo nafasi itaruhusu'. Siku ile foleni imefika barabarani, nafasi ingetoka wapi?" Watu wakacheka. Mmoja akauliza kwa nyuma ni nani aliyeandika Kiswahili kama cha hotuba ya maziko.

Hapo ulinitazama, Felista. Hukunitazama kwa kunishitaki. Ulinitazama kama mtu anayeshika mlango uwe wazi ili mwingine apite. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama. Nilitazama kofia yangu.

Ukawageukia wanachama ukasema, "Kosa ni langu," ukakaa.

Kwa nini sikusimama? Nimejiuliza mara nyingi, na kila jibu nililolipata lilikuwa zuri mno kuwa la kweli. Nilijiambia kwamba mtoto akisema, mzee hapaswi kumkatiza. Nilijiambia kwamba ningeongeza vurugu. Ukweli ni mfupi: nusu ya waliokuwa pale niliwafundisha kusoma na kuandika, na sikutaka wajue kwamba nimeandika vibaya.

Nawe ulilipa. Ulipokwenda sokoni walikuuliza, "Dada mgeuza majina, leo mimi naitwa nani?" Ulitabasamu mara ya kwanza na ya pili. Kisha ukaacha kwenda. Maktaba ukaifunga kwa tangazo la mstari mmoja kwamba hutaiendeleza tena, kazi yako ya miezi yote ile, wala hukutaja sababu. Nilikusindikiza kwenye basi la Dodoma. Nilitamani unilaumu. Uliinama, ukasema, "Shikamoo, Baba," ukapanda.

Tangu siku hiyo unaniandikia kila Jumapili: "Shikamoo Baba. U mzima?" Nami nakujibu, "Marahaba mwanangu. Ni mzima, namshukuru Mungu." Hatujawahi kukosa Jumapili hata moja. Mtu akizisoma jumbe zetu za simu atasema hawa ni baba na binti wenye adabu ya kupigiwa mfano. Mimi huzisoma nikaona watu wawili waliofunga mlango, kila mmoja kwa upande wake, taratibu, ili usipige kelele.

Meza nimeirudisha kuwa ya kulia. Bado nakula barazani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mzee Issa, nyumbani kwake, kabla ya kuandika lolote. Nilimkuta anapalilia chini ya mikorosho. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Nilitarajia, nisamehe kwa kusema hivi, kwamba atanishika mkono aniambie yamepita, kwa sababu ndivyo wazee tunavyotendeana.

"Siku ya mkutano ulikuwepo, Mwalimu?" aliniuliza.

"Nilikuwepo."

"Ukamsikia mtoto anasema ni yeye."

"Nilimsikia."

Aliegemea jembe. "Binti yako nilimsamehe palepale, wala hakuwa na kosa. Wewe ndiyo kwanza leo najua. Niache kwanza, Mwalimu. Niache nikukasirikie kidogo."

Nilimshukuru, nikaondoka. Njiani nilitambua kwamba hakuna mtu aliyeniheshimu hivyo kwa muda mrefu.

Basi, kwa wanachama: onyo lililompotosha Bwana Salumu nililiandika mimi. Felista aliliandika sawasawa, mimi nikalifuta. Mzee Issa alidhulumiwa kwa mkono wangu, na Bi Somoe pia.

Na kwako, mwanangu: sikuombi uifungue tena kazi yako, wala sikuombi urudi. Naomba Jumapili moja usinisalimie. Niandikie ulichotaka kuniambia pale kwenye basi, kwa maneno yako ya mtaani, bila kuyapanga. Kama ni makali, yaache makali. Sitashika kalamu nyekundu.

Ni mimi niliyekukosea,

Baba yako.