Jeusi Uliloliita Maji

Kaka Methodi,

Nimekukasirikia. Ningeanza na salamu kama watu wenye adabu wanavyoanza barua, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kazi na unanijua, nikikasirika sijui kuzunguka. Mama yako amekaa karibu mwaka mzima bila kukulilia, na sababu ni mdomo wako. Ngoja nikueleze yaliyotokea tangu ulipotuacha mimi na dereva kwenye Landrova iliyokatika ekseli, katikati ya pori, ukabeba dumu kwenda kutafuta maji, usirudi.

Tulikusubiri mpaka kesho yake, lori la mbao likatukuta midomo imepasuka. Tukarudi kukutafuta na askari wa wanyamapori na wafugaji wawili wa Kisukuma wanaolijua pori lile. Nyayo zako zilinyooka, hukuwa umepotea hata kidogo. Zilikwenda moja kwa moja hadi pale ulipogusa kwa kucha kwenye picha ya setilaiti ukasema, "Resti, jeusi hili ni maji. Bwawa la nguvu. Mtakunywa mpaka mtapike."

Hapakuwa na maji, kaka. Palikuwa na mbuga ya majani makavu na mashina ya miti yenye masizi. Mfugaji mmoja akasema hapo ndipo wanapochoma nyasi karibu kila kiangazi ili ng'ombe wapate majani mabichi. Picha yetu ilikuwa ya kiangazi cha mwaka wa nyuma, na siku ilipopigwa, moto ulikuwa umetoka kupita. Dumu lako lilikuwa katikati ya mbuga, limesimama wima, kifuniko kimefungwa. Kuanzia hapo ardhi ni ngumu na nyayo zikaisha. Tulizunguka siku nyingi. Askari hawakutaja fisi mbele yangu, ila niliwasikia wakiwataja wenyewe kwa wenyewe.

Lile jeusi limeninyima raha. Unakumbuka siku picha ya kwanza ilipokuja na treni, imeviringishwa kwenye bomba la plastiki? Tuliitandaza kwenye meza ya kuchorea, ofisi yetu nzima ya ramani tukaikodolea macho, hakuna aliyeelewa kitu. Wewe ulikuwa umetoka semina Dar es Salaam. Ukaweka kidole kwenye ziwa, jeusi tii, ukapiga kelele, "Kwetu huko! Ikola hiyo!" Mkuu akakwambia upunguze sauti, hukupunguza.

Ukatueleza kwamba setilaiti, chombo kile cha angani, hakina taa, kinategemea mwanga wa jua. Jua linapiga ardhi, ardhi inarudisha kiasi, na chombo kikipita huko juu kinapima kilichorudishwa. Hakipigi mara moja pa! kama yule mpiga picha wa mtaani kwangu Kashaulili anayetukataza kucheka. Ndani yake kuna kioo kinachoyumba huku na huku, kinachukua ardhi mstari kwa mstari jinsi chombo kinavyosonga mbele, kama mtu anavyofagia uwanja. Kila mstari umekatwa vipande, kila kipande kinageuzwa namba, namba zinatumwa chini kwa redio, na huku chini ndiko zinakopakwa rangi. Nilikuuliza mbona misitu ni myekundu, ukafurahi mpaka ukakaa chini. Ukasema kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni, chombo kinauona. Jani bichi linaurudisha kwa wingi, basi wameamua kuuchapa kwa rangi nyekundu. Maji yanaumeza karibu wote, ndiyo maana ziwa linatoka jeusi.

Nimevisoma tena vitabu vyako. Yote uliyosema ni kweli. Ila ardhi iliyoungua nayo inaumeza ule mwanga, na kivuli cha wingu nacho kinatoka cheusi, na ukiwa umezishika karatasi hizo mkononi, weusi wote ni mmoja. Mtu aliyekulia huku kwetu Mpanda, aliyezoea kuona mbuga zikiungua, pengine angesita kidogo. Wewe kila ulipoona jeusi uliona kwenu. Ukaondoka unapiga mluzi, kiu ikiwa imeshatushika wote watatu. Nakuona mpaka leo unavyokwenda.

Sasa mama yako. Nilimpelekea nguo zako mwenyewe, sikutaka mtu mwingine ampelekee. Unajua desturi yenu: mtu akimezwa na ziwa asipatikane, zinazikwa nguo zake, watu wanakaa matanga, msiba unaisha. Wajomba zako walikuwa wameshaamua iwe hivyo, na turubai lilikuwa limeshafungwa. Mama yako akatoka ndani akasimama mlangoni. "Nguo zinazikwa za mtu wa majini," akasema. "Mwanangu kaenda nchi kavu, na nchi kavu inaonekana. Kaniambia mwenyewe." Wanawake waliokuja kulia akawauliza wanamlilia nani. Wakakunja khanga zao wakaondoka.

Kumbe ulimwambia! Ulikwenda likizo, ukakaa naye kwenye vichanja vya dagaa, ukajitapa kwamba siku hizi hapotei mtu, kuna jicho juu linaona mpaka paa lake la nyasi. Jamani, Methodi. Najua ulitaka tu acheke, ajue mwanaye ana kazi kubwa. Lakini mama aliyashika maneno yako yote, hakuacha hata moja.

Akaja Mpanda juu ya lori la dagaa, akafika ofisini akauliza chombo kinapita lini. Nikamwambia kinapita kila baada ya wiki mbili na kitu, saa za asubuhi. Kosa langu hilo, maana kuanzia hapo akawa anahesabu. Nilimchukua akae kwangu Kashaulili. Asubuhi anatoka uani anatazama juu, na ilikuwa masika, mawingu tele. Ikabidi nimweleze kwamba chombo kinapita, ndiyo, ila mawingu yakiwepo kinapiga migongo ya mawingu basi, ardhi hakiioni. Akasema, "Basi tusubiri yatoke." Hakunyoa nywele, hakuvaa nguo ya msiba, na ugali alikuwa anaugusa tu. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba hata kama umebaki mifupa, mifupa ni myeupe, itaonekana. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinione.

Mvua zikakatika, na mwezi uliopita picha mpya ikafika. Mkuu wetu akaniita pembeni. Akasema, "Resti, mwonyeshe nukta yoyote, mwambie mtoto wako huyu hapa. Mama wa watu akapumzike." Alisema kwa huruma, simlaumu. Nami nikakubali. Kabla mama hajaingia nilikuwa nimeshachagua nukta yenyewe, palepale tulipookota dumu.

Alivua ndala mlangoni. Alitazama karatasi ile kwa muda mrefu sana, mikono nyuma, anaogopa kuichafua. Akaniuliza, "Mbona nchi yote imekuwa damu?" Nikamwambia si damu, ni majani mabichi ya baada ya mvua, nikamweleza vilevile ulivyonieleza wewe. Akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Akaliona ziwa mwenyewe. Akaona barabara zilizonyooka za Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, akasema kumbe Warundi walipimiwa vizuri. Nikawa nangojea aniulize uko wapi, kidole changu kiko karibu na ile nukta.

Hakuniuliza juu yako. Aliuliza, "Nyumba yangu iko wapi?"

Kaka, sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwonyesha Ikola, alama hafifu ukingoni mwa ziwa. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akasema, "Paa langu silioni." Ningeweza kudanganya juu yako, nilikuwa nimejiandaa. Juu ya paa lake nilishindwa, maana paa lake analijua. Nikamwambia, "Mama, halionekani. Nukta moja hapa ni kubwa kuliko nyumba yako. Nyumba, uwanja, vichanja vyako vya dagaa na choo, vyote vimechanganywa vikawa rangi moja. Kitu kimoja kimoja hakionekani. Methodi alikuwa anakutania."

Akabaki ameinama. Kisha akasema taratibu, "Nyumba nzima hamuioni."

Nikamwambia, "Hatuioni, mama."

"Basi na mtu hamumuoni."

Nikamwambia hatumuoni, na hatutamuona hata kije chombo hicho mara ngapi.

Ndipo akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, alikuwa amekibana tangu kiangazi kilichopita. Alilitaja jina lako, akamwomba na marehemu baba yako akupokee. Wanawake wa sokoni waliacha meza zao za nyanya wakaja mbio bila kuitwa, wakamshika, wakamfunga khanga kiunoni, wakaanza kulia naye palepale kwenye veranda ya ofisi. Mkuu alifunga mlango wake, na kupitia dirishani nilimwona ameweka uso kwenye mikono. Mimi nililia pia. Nilikuwa nimekukasirikia kwa miezi yote ile, na siku hiyo nikaona kwamba umekufa.

Tumekwenda Ikola, matanga yamekaliwa na yamekwisha. Wajomba zako walikuja na dada yako wa Karema alikuja. Mama amenyoa nywele, na siku hizi anakula. Ila nguo zako hazikuzikwa. Kaburi amelikataa kabisa, na safari hii hana tumaini lolote, anataka haki yake tu. Aliniambia siku naondoka, ameshika mkono wangu, "Nimekubali amekufa. Lakini mimi sikuzaa nguo, siwezi kuzizika nikasema ni mwanangu. Nipatie hata mfupa mmoja."

Sina cha kukuficha, inawezekana nisiupate. Mbuga ni kubwa, fisi ni wengi, na moto utapita tena. Kazi ya picha sijaiacha, naipenda kama ulivyoipenda, na sasa ninayefundisha wageni ofisini ni mimi. Lakini wewe sitakutafuta humo tena. Nimeongea na wale wafugaji wawili, wamekubali kunisindikiza. Juzi wameniletea habari kwamba majani yameanza kukauka na ardhi inaonekana.

Lala salama, kaka yangu. Hasira imeisha. Keshokutwa naingia porini kwa miguu, natazama chini, na kila kiangazi nitarudi hivyohivyo mpaka mama yako apate kitu cha kuzika.

Mdogo wako,
Resti