Kumgombania Mume na Bibi

...basi mapenzi ni matamu, Bibi yangu, ila heshima inachosha. Toka tukuzike Quiterajo sijakuandikia, na sasa ni mke wa mtu huku Palma. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya gesi ya Afungi. Akirudi mwisho wa wiki ananukia vitunguu, nami nikimwona mlangoni nasahau hata kumpokea mfuko. Nampenda, Bibi. Nampenda mpaka naona haya.

Siku nyingine zote tupo wawili, mimi na bibi yake, aliyekuzidi hata wewe umri. Nilijitahidi: shikamoo kwa magoti, sauti ya chini, macho kwenye mkeka, nisipite mbele yake, nisijibu zaidi ya nilichoulizwa. Jioni shingo iliniuma kama niliyeshinda kisimani. Wageni nao walimwamkia, kisha wakaongea juu ya kichwa chake kama vile ni kabati.

Mwisho wa wiki mmoja bibi huyo akamwomba mume wangu ampeleke akakae kwa binti yake. Nililia jikoni. Nilidhani anakimbia chumvi yangu mchuzini. Nilipomnawisha bibi yake mikono tule, akaniinamia: “Umeninyang'anya mume, na hata kugombana nami hutaki?”

Hapo nikakukumbuka ukinisuka uani, ukiniita mke mwenzio, ukimkataza babu asinigawie dafu lake. Nilikwambia umezeeka, uniachie zamu, ukacheka mpaka kichana kikakuponyoka. Ukaapa kwamba nikiolewa, mume atakuwa wako kwanza. Mimi nilidhani utani ule tumeuzika pamoja nawe.

Nikajibu, magoti yangu bado chini: “Bibi, miaka yote hiyo umekaa naye na hujamnenepesha. Niachie mimi sasa.”

Akageuza uso, akamtazama mume wangu. Nikaona nimeivunja ndoa kwa mdomo wangu.

“Kumbe huyu anaongea,” akamwambia mume wangu, akasogeza sahani aongezwe wali.

Habari ya kuhama haijatajwa tena. Ila sipumziki, Bibi. Ananichokoza toka alfajiri, namjibu huku nafua, namjibu huku natwanga, usiku nalala kama gogo. Uchovu huu siukatai.

Kabla mwezi haujaisha, njia ikiwa salama, nitakuja na mume wetu tukusafishie kaburi. Mwangalie mume wako, umridhie. Lakini usimng'ang'anie huko. Nimeshamzoea.

Mjukuu wako,
mke mwenzio