Mama wa Foleni Amepata Macho

Fundi Ramadhani,

Ulikuwa unasema barua ni kazi ya makarani, na sisi wa randa na patasi tukiwa na neno tulipeleke kwa miguu. Nimelipeleka. Kaburini kwako Kigera nimekwenda mara mbili, nikasimama, nikashindwa hata kutoa salamu. Basi acha karatasi iseme.

Nianze na yanayosemeka. Karakana ipo, kazi hakuna. Tangu kila kitu kiwe ruksa maduka ya Musoma yamejaa. Sabuni ipo, sukari ipo, msasa wa kiwandani upo wa kila namba, ule ule tulioukosa mimi na wewe tukasugua mbao kwa majani ya porini mpaka vidole vikatoka damu. Vitu vimekuja na wewe umeondoka. Na viti vya plastiki vimekuja pia, watu wa harusi wanakodi hivyo, hakuna anayeulizia stuli ya mvule. Siku hizi hata kufagia sifagii sana, maana vumbi lenyewe la mbao liko wapi.

Sasa lile ninaloliogopa.

Unalikumbuka gogo la mvule tulilolivuta kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nyamuswa, wewe ukitembea nyuma na kulipapasa kama mgonjwa? Ulilichonga kidogo kidogo, baada ya vitanda na milango ya watu. Ulimchonga Mama Hadija, mkeo, vile alivyokuwa akikaa kwenye foleni ya sabuni: kikapu mapajani, kanga kichwani, na mbele ya miguu lile jiwe la kumshikia nafasi akienda kunyonyesha. Kila aliyepita alicheka akasema huyu ni Mama Hadija kabisa. Ila penye macho uliacha laini, pamesuguliwa tu. Nilipokuuliza ukaniambia, "Macho si ya kwetu, Mafuru. Mwenye kuyatoa yupo. Sisi tunaishia shavuni." Mimi mtoto wa Majita, niliyelelewa kanisani ambako watakatifu wote wana macho na wanakutazama ukisinzia, nilicheka. Ukanitupia kipande cha ubao, nikakwepa, ukacheka na wewe.

Msikitini walikusema kwa sanamu zako. Ulikuwa unawajibu kwamba kisicho na macho hakijawa mtu, na wengine walikuelewa, na wasiokuelewa walikuheshimu kwa kuwa hukuwahi kuvuka mpaka huo. Hata mara moja.

Ulipofariki nilikuwa Bunda, kule Kabasa, nafunga kitanda cha mteja. Habari ilinifikia asubuhi. Nikamalizia kitanda, nikanywa na chai, kwa sababu kwetu maiti hulala siku mbili tatu ndugu wakingojewa. Nilifika Kigera jioni nikakuta watu wananawa udongo mikononi. Miaka yote hiyo katika karakana ya Mwislamu, na sikujua hata hilo. Au nilijua, nikasahau siku ile ile niliyotakiwa kukumbuka. Sikukuaga, Fundi.

Miezi ikapita, akaja bwana mmoja wa utamaduni. Alisema mji unaandaa maonyesho ya sanamu kando ya ziwa, njia nzima kuanzia gatini hadi kwenye mawe makubwa, na kila msanii atawekewa kibao cha jina lake. Akamzunguka Mama wa Foleni wako, akapiga mluzi. Halafu akasema, "Mzee hakuwahi kumalizia. Macho bado. Ingekuwa imekamilika ningeichukua."

Nilitakiwa kusema imekamilika, ndivyo alivyoiacha. Maneno machache tu. Nikasema, "Nipe wiki moja."

Nilitaka jina lako lisomwe na watu. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka mkono wangu uwe humo. Nikachukua ile patasi yako nyembamba, uliyoifua mwenyewe kutoka springi ya gari, nikachonga. Yalitoka mazuri. Hilo ndilo linaloniua. Ni mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga ukiwa hai.

Jumamosi nikavaa shati la kupiga pasi nikaenda kutembea ile njia. Kulikuwa na sangara mkubwa wa mabati ya gari bovu. Kulikuwa na mamba wa saruji, watoto wamemkalia mgongoni wanamchapa. Ndege wa ziwani walikuwa wametua juu ya mcheza ngoma wa mti, wamemchafua mabega yote. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikifikiri ungesema nini juu ya kila moja. Halafu, hatua chache kabla ya kazi yako, nikakuta kiwiliwili cha mninga kisicho na kichwa. Hakuna shingo, hakuna mikono, na watu wamekizunguka wanakisifu. Yule yule bwana wa utamaduni akanieleza kwamba msanii kaamua kuishia hapo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kumbe ningesema tu, angekubali.

Mama Hadija alikuwa ameshafika. Nilimwalika mimi, nikamsifia mpaka akaja na wanawake wa jirani, buibui lake la Idi mwilini. Kibao kilikuwa cha mbao, kimeandikwa kwa rangi: Mama wa Foleni, kazi ya marehemu Fundi Ramadhani. Nyuma yao nikamsikia mzee wa msikitini kwako, yule aliyekuwa akikutetea. Hakupaza sauti. "Kumbe alikuwaga anachonga macho," alisema. "Sisi alikuwaga anatudanganya."

Nilisimama karibu naye, mkono wangu ungemfikia. Mdomo ninao. Nilinyamaza, Fundi, jina lako likachukua dhambi yangu mchana kweupe mbele ya mji mzima.

Mama Hadija akaweka kiganja juu ya yale macho, akakiacha hapo muda mrefu. "Haya siyo ya mume wangu," akasema. "Yeye aliniacha nimepumzika." Akavua kanga aliyojitanda juu ya buibui, akaufunga ule uso. Alipopita mbele yangu nilitegemea matusi, ningeyashukuru. Unajua tangu siku ya kwanza alikuwa ananiita mwanangu. Akasema, "Asante, fundi." Miaka yote nilikuwa nangoja mtu wa nyumba yako aniite hivyo.

Jumatatu watu wa maonyesho waliitoa ile kanga. Nimejaribu kwenye ubao mwingine kuziba matundu kwa gundi na unga wa mbao, yanaonekana tu, tena yanatisha zaidi, mtu kama kapofuliwa. Nimefikiria kukwangua uso wote. Shavu lako lingeondoka, na ndicho kitu cha mwisho mkono wako ulichogusa. Hakuna pa kurudi. Nalala nikiyaona, naamka nikiyaona.

Kesho mchana, watu wakiwa wengi njiani, ninakwenda na patasi. Jina lako sitaligusa. Chini yake nitachonga kwa herufi kubwa, ili asome hata mzee yule asiye na miwani: MACHO NI YA MAFURU, FUNDI HAKUYATAKA. Kisha nitamfuata msikitini, nivue viatu mlangoni, nimwambie kwa mdomo huu ulionyamaza. Najua haitoshi. Wengi wameshaona na kurudi kwao Bunda, kwao Butiama, na wamekwenda na habari zao. Na yale macho yatabaki wazi, mvua na jua, yakitazama ziwa ambalo hukutaka yalitazame.

Patasi nitamrudishia Mama Hadija. Ahadi yangu ni hiyo: uso wa mtu sitauchonga tena, labda anilazimishe yeye mwenyewe, na hatanilazimisha.

Haya, Fundi. Siku ile sikukuwahi, nakuaga leo. Pumzika huko, macho yamefumbwa. Na ukisikia kwamba nyumbani kwako wananiita fundi, usifurahi. Mama Hadija alikuwa ananifukuza.

Mafuru