Wimbo wa Kulizunguka Gari

Tunduma, foleni ya mpakani
Jumatano asubuhi

Kwa Mama yangu, Rutamba

Shikamoo Mama. Shikamoo hii naiandika nimepiga magoti kweli, maana humu ndani ya kichwa cha lori hakuna meza, nimepiga magoti sakafuni na karatasi iko juu ya kiti cha abiria. Kwa hiyo usiseme mwanao amesahau adabu.

Habari za hapo nyumbani? Mguu wako unaendeleaje, bado unakusumbua ukipanda kule shambani? Mikorosho imeshatoa maua? Mimi huku mzima wa afya, alhamdulillahi, ila baridi ya Tunduma siyo ya watu wa Lindi. Asubuhi navaa makoti mawili na kanga juu, wenzangu wanasema nimefanana na gunia la mbatata. Nimebeba mbolea, nasubiri kuvuka kwenda Zambia, na foleni imekaa kama haina mwenyewe. Ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Ningekupigia simu, lakini simu zangu hupokei. Juzi nilipiga akapokea Hamisi, mdogo wangu huyo, akaninong'oneza, "Dada, Mama yupo hapa lakini ameniambia niseme hayupo." Nilicheka kwa mdomo, moyoni nikaumia sana. Basi nikasema barua haikatwi. Isome mwenyewe Mama, vaa miwani yako ukae nayo. Hamisi usimpe, humu mna mambo ya kike.

Najua umekasirikia ile video. Hamisi amenieleza yote. Imefika mpaka Mtanda, vijana wa pale Lindi mjini wanatumiana, mtu akaileta Rutamba akakuonyesha: mwanao Somoe, amejifunga kanga kiunoni, analizunguka lori huku anaimba wimbo wa unyago mbele ya wanaume. Na makungwi wenzako wakakaa, wakauliza kama mama wa mtoto wa namna hiyo bado anastahili kuwa kungwi mkuu msimu huu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi nisemwe, nimeshazoea. Lakini wewe, uliyewafunda wasichana wa Rutamba yote ambao leo ni mama wa watu, kunyang'anywa ngoma yako kwa ajili yangu! Hapana. Hilo sikubali, na ndiyo maana nataka ujue mambo yalivyokuwa tangu mwanzo.

Mwanzo wake ni mtihani wa leseni. Unakumbuka nilivyokuwa kwenye chuo cha udereva Dar, natafuta daraja E, lile la kuendesha magari makubwa ya mizigo. Kuendesha sikuwa na shida. Kurudi nyuma na tela, jambo linalowatoa wengi jasho, mimi nilirudisha kama nafagia uwanja. Shida ilikuwa ukaguzi. Dereva kabla ya safari anatakiwa alizunguke gari lote na kuangalia kila kitu: matairi, nati, taa, matenki ya upepo wa breki, tela lilivyoshikwa. Mambo ni mengi, na mimi kichwa changu unakijua, kitu kikisemwa tu hakikai. Walimu walitoa makaratasi. Nikasoma, nikasahau. Nikasoma tena, nikachanganya.

Siku moja nimesimama mbele ya lori, ikanijia picha ya siku wari, wasichana waliokwisha fundwa, wanapotolewa nje. Kungwi anamzunguka mwali kuanzia miguuni mpaka kichwani, anamkagua mbele za watu: shanga zimekaa? Kanga imefungwa? Mafuta yamepakwa? Na wimbo unakwenda, hakisahauliki kitu, kwa sababu wimbo haukubali uruke ubeti. Nikasema, ala! Dawa si ndiyo hii? Nikautwaa mdundo ule, maneno nikatunga yangu. Lori nikalifanya mwali.

Siku ya mtihani akaja afande mmoja wa usalama barabarani, mnene, hacheki. "Haya dada, kagua gari, sema kwa sauti unachokagua." Nikasimama. Hakuna kitu kichwani, peupe! Nikamwambia, "Afande, naomba ruhusa niimbe." Akanitazama kama niliyepandwa na mashetani. "Uimbe nini?" "Ukaguzi, afande." Wenzangu wakaangua kicheko. Afande akasema, "Imba, ila hapa ni uwanja wa mtihani, mauno sitaki."

Nikaimba, nikalizunguka:

Amka mwali, amka nikuone,
Viatu vyako vimekaza?
Macho yote yanaona?
Tumbo la upepo limetapika maji?
Mkono wa tela umeshikwa kweli,
au umeshikwa kwa macho?

Viatu ni matairi na nati zake, macho ni taa. Matenki ya upepo hujaa maji, usipoyatoa kila asubuhi breki zinakuja kukukana mlimani. Na mkono ni ile pini ya tela inayoingia kwenye sahani ya chuma nyuma ya kichwa cha gari na kufungwa humo. Kila ubeti nainama, nashika, natikisa. Nilipomaliza afande alikuwa amevua kofia anajipepea. Akasema, "Hujaruka hata kimoja. Nenda." Leseni yangu nimeipata hivyo Mama, sikumbembeleza mtu. Naitoa mfukoni naiangalia mpaka leo kama picha ya mchumba.

Sasa hiyo video ilipigwa Ilula, mwezi uliopita, tukitoka Zambia na mzigo wa shaba. Ilula ni pale juu kabla hujauteremka mlima Kitonga, na Kitonga ukiteremka na mzigo mzito siyo mahali pa kubahatisha. Madereva wengi hulala hapo, asubuhi ndiyo wanashuka. Jirani yangu alikuwa Komba, dereva wa miaka mingi, Mngoni wa Songea, mtani wetu. Unawajua watani, hawana breki. Tangu tunywe chai alikuwa ananichokoza. "Nyie Wamwera mababu zetu waliwafukuza mkakimbilia porini, leo mnaendesha malori!" Nikamwambia, "Mababu zenu walitufukuza kwa miguu, ndiyo maana nimepanda gari, sasa nifukuze tena!" Watu wakacheka.

Nikajifunga kanga yangu, nikaanza kulizunguka gari na wimbo wangu kama kawaida. Komba naye akanifuata nyuma, kajifunga taulo lake kiunoni, anabana sauti kama mwanamke, anaitikia kila ubeti na kuinama ninapoinama. Utingo wake, jitu zima lenye ndevu, ndiye aliyetoa simu akarekodi. Mama, nikisema sikuudhika nitakuwa muongo. Wazo la kuacha likanijia, niingie ndani niwashe gari nijiondokee. Halafu nikajiambia, Somoe, wewe umelelewa na nani? Mtoto wa kungwi anaachia wimbo katikati kwa sababu mwanamume amecheka? Nikapaza sauti zaidi.

Tukafika ubeti wa mwisho. Mkono wa tela umeshikwa kweli, au umeshikwa kwa macho? Nageuka, Komba amesimama, taulo limemdondoka hajui. Anaangalia gari lake. Akaenda mbio, akaingia chini. Jana yake jioni fundi alikuwa amelitoa tela lake ili atengeneze mpira wa upepo uliokuwa unavuja, akalirudisha, na Komba alitazama kwa mbali akaona limekaa. Limekaa kweli, lakini kufuli la sahani halikufunga. Pini ilikuwa imeegemea tu. Angeliondoa gari lile, tela zima la shaba lingechomoka, kama siyo pale pale kwenye maegesho ni kule kwenye kona za Kitonga, na nyuma yake huwa yanashuka mabasi yenye watoto wa watu.

Alitoka chini ya gari mikono ina grisi mpaka viwikoni. Hakusema utani. Alisema, "Dada Somoe, ule ubeti wa pini, hebu uimbe tena taratibu niushike." Nikamwimbia. Na madereva wote waliolala pale usiku ule, mmoja mmoja, nikawaona wanachungulia masahani yao. Nilijisikia mrefu siku hiyo Mama, mrefu kuliko lori lenyewe. Sioni haya kusema, nilijivuna, na bado najivuna.

Video aliyoituma yule utingo ni ile ya mwanzo tu, pale wanaponicheka. Kipande cha Komba kuingia chini ya gari hakimo, kwa sababu hapo simu alishaitupa naye amekimbilia kwenye tela. Ndiyo maana huko kwetu mmeona ngoma, hamkuona kilichofuata.

Komba akamsimulia tajiri yetu, mwenye malori haya. Tajiri akaniita. Ana madereva watatu wapya, wanaume wazima wana leseni zao, anataka niwafundishe ukaguzi kwa njia yangu kabla hajawakabidhi magari. Yaani mwanao awe mwalimu wa madereva! Mtu mwingine angeruka juu. Mimi nilimwambia, "Tajiri, nakushukuru, ila nipe muda. Mdundo huo una wenyewe, na wenyewe wako Rutamba." Akashangaa, akasema haya, nenda kaongee na wenyewe.

Sasa nisikilize Mama, hapa ndipo pa kusoma na makungwi wenzako. Nilichoimba ni wimbo wa uwanjani. Ni wa siku wari wanatoka, jua limewaka, mji mzima umekuja, wanaume kwa wanawake. Marehemu Baba alikuwa anaupigia makofi kuliko watu wote, mpaka ukamwambia aache kuharibu mdundo. Wimbo huo una siri gani? Ya ndani yamo ndani. Hayajanitoka kwa afande, hayakunitoka kwa tajiri. Komba mwenyewe aliponiuliza akitaka na "zile nyingine", nilimwambia, "Kazaliwe upya uwe msichana, kisha upande basi uende kwa mama yangu." Wewe hukunifunda kwa mkono wako, maana mzazi hamfundi mwanawe, alinifunda somo yangu Bi Zuhura, na yeye yupo hapo, aulizwe. Ausikilize ubeti kwa ubeti aseme kama pana neno la ndani nililolimwaga.

Sikuja kuomba radhi kwa kuendesha lori, hilo tuelewane. Udereva siachi. Lakini wimbo ni wenu. Mkisema niuache, nitauacha, nitawafundisha wale watu kwa vidole na kelele kama walimu wengine. Mkisema niendelee, nataka niendelee kwa idhini yenu, si kwa kuiba. Kwa hiyo sijamjibu tajiri. Namsubirisha tajiri kwa ajili yako Mama, na hiyo peke yake ingekutosha kujua kama nimesahau nilikotoka.

Nifikishie salamu kwa somo yangu Bi Zuhura, mwambie masikio yangu bado yanawasha kwa vile alivyoyavuta. Msalimie Mjomba Nassoro, muadhini wetu, aniombee dua ya safari. Msalimie jirani yetu Mzee Chilumba, yule Mmakonde anayesema mwanamke hawezi kufungua tairi la lori; mwambie nimefungua, nimeziba, nimefunga, na mvua ilikuwa inanyesha. Na Hamisi mwambie najua anasoma nyuma ya bega lako sasa hivi, atoke hapo!

Nikirudi kutoka Zambia, safari inayofuata nimeiomba mwenyewe kwa tajiri: kuleta magunia matupu ya korosho huko Lindi kabla msimu haujafunguka. Nikishusha mzigo nakuja Rutamba. Waite makungwi wote, wakae uwanjani kwetu. Sitapiga honi. Nitalisimamisha lori kule barabarani, nitashuka, nitafunika kichwa kwa kanga, nije kwa miguu mpaka mbele yenu nipige magoti kama siku ile nilipokuwa mwali. Nitauimba wimbo wote, mniulize mnachotaka, na mtakalosema nitalifuata.

Ila gari Mama, nitaliacha mahali ambapo wote mnaliona.

Ni mimi mwanao,
Somoe, dereva