Kijumba cha Chumba Kimoja Kando ya Ziwa

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Tumetoka nyumbani kwetu Adelphi, huku huku Marekani, kuja kupumzika ziwani. Ziwa wanaliita kubwa, ila mtu akipunga mkono ng'ambo unamwona. Sisi wa Mwanza tunanyamaza kwa adabu. Kijumba unachokiona kwenye picha niliyokutumia ndicho tulichopanga. Ni chumba kimoja, choo kiko nje, maji tunachota kwa ndoo, na tunapika kwa mkaa uani. Watu wanavigombania hivi. Tumengoja nafasi tangu Pasaka. Sufuria yangu ya pilau haikupita mlangoni, imelala nje. Mjukuu wako Neema, anayetununia kila siku eti hana chumba chake, jana alijibana ubavuni kwangu akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hajawahi kulala mahali pazuri hivi.

Mama, ile nyumba ya udongo ulimotulelea, niliyokuwa nakusumbua ibomolewe maana inaniaibisha mbele ya nyumba yako mpya ya vigae, mwambie fundi asiiguse. Desemba tukija tutalala humo, wewe ubaki kwenye vigae vyako. Na ukinisikia nalalamikia choo cha nje, jifanye hujasikia.

Nakupenda, mama yangu.
Mwanao, Rehema